Baraka Iko Wapi

Glasgow, 12 Septemba 1893

Mdogo wangu Sorcha,

Picha imefika salama, haina hata mkunjo. Effie, tunayelala naye chumba kimoja, aliniuliza ni mtoto wa bwana mkubwa gani. Nikamwambia ni wa Feidhlim mchunga kondoo wa Gleann Dorcha, mwenye masikio kama milango ya zizi, na tushukuru mtoto hakuyarithi.

Ila niambie, nani alikupa wazo la kumvalisha suruali? Mtoto wa kiume wa mwaka na nusu mahali pake ni ndani ya gauni, ili Wale Wema wa kilimani wapitao wadhani ni msichana, wasimchukue. Hata sisi tuliohamia mjini hatujasahau. Au mama mkwe wako alikuwa amelala? Najua utasema ni kwa ajili ya picha tu, maana mgeni wa mwenye ardhi haji na sanduku lake la picha kila siku. Haya, picha imeshapigwa. Mrudishie gauni lake.

Sasa sikia. Wewe hunicheka kwamba tangu nizaliwe sijasifu kitu, kwamba hata siku ya harusi yako nilisema "si mbaya" nikaendelea kula. Basi leo nasifu. Sijapata kuona mtoto mzuri kama Fiachra. Macho yale, mikono iliyonona, na kidevu cha mama yetu kabisa. Ningekuwa jirani yenu ningemwiba. Hayupo wa kufanana naye Glasgow nzima, wala huko kwetu. Msomee maneno haya kwa sauti akiwa kitandani mwake, ajue mama yake mkubwa amempenda.

Kazi ni ile ile. Nafua mashuka ya hoteli tangu asubuhi. Kupiga pasi namwachia Effie, pasi na mimi hatujawahi kupatana.

Dada yako,
Muirne


Gleann Dorcha, 24 Septemba

Dada Muirne,

Mungu na Bikira Maria wakulinde huko uliko. Naandika huku mtoto analia, na ukiona mwandiko umeyumba usiniulize.

Barua yako niliisoma kama ulivyotaka. Nilikaa karibu na moto, Fiachra kitandani mwake, mama mkwe wangu Nábla anasokota sufu. Nilipofika kwenye sifa nilipandisha sauti, maana nilijua jambo hili halitatokea tena. Nilipomaliza, Nábla alikuwa ameacha kusokota.

"Endelea," akasema.

"Imekwisha, mama."

"Baraka iko wapi?"

Nikacheka. Nikageuza karatasi nikatafuta nyuma, nikatafuta hata ndani ya bahasha. Hakuna "Mungu ambariki", hakuna "Mungu amkuze", hakuna chochote. Umemsifu mtoto wa watu toka kichwani hadi miguuni, ukamwacha wazi kama zizi lisilo na mlango. Na mimi mjinga nimemsomea kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Nilisema baraka mwenyewe palepale, lakini Nábla alitikisa kichwa. Mdomo uliosifu ndio unaobariki, dada, unajua hivyo kama ninavyojua mimi.

Asubuhi yake Fiachra hakuniita mama. Hajaniita tena. Anakula uji sufuria nzima na bado anazidi kukonda. Ananitazama kama mzee anavyomtazama mgeni asiyemkumbuka vizuri. Ninapompa kisogo anaimba, wimbo usio na maneno, na nikigeuka mdomo wake umefungwa. Feidhlim amehamia kulala zizini. Anasema kondoo wana wasiwasi, lakini mwenye wasiwasi ni yeye.

Nábla anasema dawa ni moja. Uje umtemee mate kwenye paji la uso na useme baraka kwa mdomo wako. Usicheke. Usiku wa Samhain, ule wa mwisho wa Oktoba, ukipita, kilima cha Wale Wema kikifunguka na kufungwa, aliyechukuliwa amechukuliwa.

Nina hofu, Muirne. Njoo.

Mdogo wako,
Sorcha


Glasgow, 1 Oktoba

Sorcha mpenzi,

Mtoto anaota magego. Ndiyo maana analia, ndiyo maana anakonda, na hiyo "sura ya mzee" ni sura ya mtu yeyote anayeumwa meno. Mpeleke kwa daktari wa mjini.

Kuja siwezi. Hoteli imejaa hadi katikati ya Novemba, na anayeomba ruhusa sasa anaambiwa achukue na sanduku lake. Lakini kwa kuwa mama mkwe wako ana hamu ya mate yangu, nimemtemea mengi kwenye leso hii. Mpake nayo usoni, na hayo maneno mengine wewe uyasemee hapohapo. Wewe unayajua zaidi yangu.

Kuhusu barua, niliiandika nimechoka. Mtu husahau.

Ila jambo moja nasema bila mzaha. Mallaí asiitwe. Hata Nábla akikulilia miguuni, yule mwanamke asivuke kizingiti chako.

Muirne


Gleann Dorcha, 14 Oktoba

Dada,

Amani ya Mungu iwe nawe, ingawa kwangu imetoka.

Leso imefika imekauka kama samaki wa Kwaresima. Nilimpaka hivyohivyo. Alinusa, akatabasamu, akaishika kama mtu aliyepata nguo ya ndugu yake, na hataki kuiachia. Daktari naye alipima, akala mayai yetu, akasema hajui.

Mallaí ameshakuja. Sikumwita mimi, ni Feidhlim. Ndiyo, Mallaí huyohuyo anayejigeuza sungura asubuhi za Mei na kunyonya ng'ombe wa watu, leo ndiye mganga wetu. Alichukua koleo la moto, la chuma, akalilaza juu ya kitanda cha mtoto. Muirne, mtoto alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwa mtoto wala mnyama. Akajikunja pembeni kabisa, mbali na chuma. Mallaí akatuambia: "Mwanenu yuko kilimani. Huyu ni wa kwao." Koleo bado liko pale, amekataza lisiondolewe.

Anasema tupashe moto beleshi hadi liwe jekundu, tumkalishe juu yake usiku wa Samhain, na watu wake watakuja kumchukua na kuturudishia wetu. Alisema hivyo huku anapaka siagi mkate. Kisha akaniangalia: "Safari hii pasiwe na mtu wa kunizuia. Mama yako Úna alinizuia zamani, na ona alichopata." Nilimuuliza mama alipata nini. Akaendelea kutafuna.

Sijui nifanye nini. Najua siye Fiachra. Lakini usiku analia njaa kama mtoto yeyote, na mimi ndiye ninayeamka.

Kuna jingine. Jana asubuhi nilikuta karatasi dirishani, chini ya bakuli la maziwa ninaloachia Wale Wema. Nimeiweka humu. Isome, halafu nieleze kwa nini herufi zake zinaegemea kushoto kama zako.

Nitakuuliza mara moja tu, na unijibu kweli. Uliiacha baraka makusudi? Huna mtoto, na mimi ninaye. Ulinionea kijicho?

Sorcha


(Iliyokuwa ndani ya bahasha)

Kwako uliye na wangu,

Uji wenu ni mzito, mtilie maji. Akikohoa mlaze upande wa moyo.

Sikuiba. Mmoja aliyesifu hakuweka uzio wa maneno, na kwetu sifa isiyo na uzio ni zawadi. Nilipewa, nikapokea. Wangu alikuwa anakufa. Watoto wetu hawakui tena bila maziwa ya kwenu, na vilima vimezeeka.

Wako hataki kula chakula chetu. Tunamsihi, anafumba mdomo. Ni vizuri kwako, maana akila atakuwa wetu, lakini amebaki kiganja kimoja cha mtoto. Analia jina moja tu.

Nasikia mnapasha chuma. Sikia basi. Tumefungwa pamoja, wewe na mimi, kwa sheria iliyotutangulia sote. Kitakachompata wangu kitampata wako. Sitakuwa nimetaka, na mkono wangu utafanya vilevile.

Aliyetoa ndiye awezaye kurudisha. Aje mwenyewe, kabla mlango haujafungwa usiku wa Samhain. Anaujua mlango. Mwambie nimemngoja.

Mama wa aliye kitandani mwako


Glasgow, 21 Oktoba

Sorcha,

Ndiyo. Kilikuwa kijicho. Nichukie upendavyo, ila fanya ninayokuomba.

Mtilie maji kwenye uji. Mlaze upande wa moyo. Beleshi lisiguse moto. Lisiguse, Sorcha. Ficha beleshi, lizike, litupe ziwani, mwambie Feidhlim limeibwa. Huyo mtoto hajafanya kosa lolote.

Nimeacha kazi. Nakuja.

Muirne


Derry, bandarini, 29 Oktoba

Mdogo wangu,

Meli ilichelewa kwa sababu ya upepo, na gari la posta limeshaondoka, hivyo nitakuja kwa miguu na kwa mkokoteni wa yeyote atakayenionea huruma. Kwa hali hii nitafika kwako kabla ya barua hii. Ni sawa. Yaliyomo humu siwezi kukuambia nikikutazama machoni, nimejaribu maisha yangu yote.

Nilikudanganya kuhusu kijicho. Ilikuwa rahisi zaidi uniamini hivyo.

Sikuandika maneno yale kwa sababu siwezi kuyaandika. Siwezi kuyasema pia. Ulimi wangu unakuwa jiwe. Pekua barua zangu zote tangu niondoke nyumbani, najua unazitunza kwenye kopo la chai, na uone kama utalikuta jina lile la kwenye sala hata mara moja. Kumbuka rozari za jioni, jinsi nilivyokuwa nakohoa, jinsi nilivyokuwa na ng'ombe wa kuangalia kila mara sala ikianza. Ulikuwa ukinisema kwa mama kwamba mimi mvivu wa sala.

Mama alijua. Nilipotimiza miaka kumi na mitano alinikalisha kwenye benchi la nje akaniambia. Alikuwa amemzaa Muirne wake, na wa kilimani wakamchukua, wakaniacha mimi, kitu chembamba kinacholia. Mallaí alikuja na beleshi lake. Majirani wote walikuwa upande wake. Mama alinishika kifuani, akasimama mlangoni na uma wa majani, akawaambia atakayenigusa atamtoboa. Samhain ikapita. Yule wake hakurudi, na mama alijua hatarudi, na aliniweka kwenye titi lile lile. Hakunipiga hata siku moja kwa ajili ya hilo. Ndicho alichopata mama yako, kama Mallaí hataki kukuambia. Alinipata mimi.

Aliniasa mambo mawili. La kwanza, nivuke maji ya chumvi, maana wimbo wa kilima hauvuki bahari. Ndiyo maana nilikwenda Glasgow, si kwa ajili ya mshahara. La pili, nisisifu kitu kamwe, kwa kuwa sina maneno ya kukizungushia. Sikusifu ndama. Sikusifu siagi. Siku ya harusi yako ulikuwa umependeza hadi nikauma shavu ndani likatoka damu, nikasema "si mbaya".

Halafu ikaja ile picha. Nilisahau mimi ni nani, Sorcha. Kwa kitambo kile nilichoandika nilikuwa mama mkubwa tu, kama mama mkubwa mwingine yeyote. Nimejuta kila usiku tangu barua yako ya kwanza, na bado sikuja, kwa sababu naogopa. Nilikutumia leso kama mjinga. Naogopa hata sasa, na karani wa bandari ananitazama.

Aliyeandika ile karatasi ni mama yangu mzazi. Sijawahi kumwona. Nitamrudishia mtoto wake, na nitabaki naye, maana kilima hakitoi bure. Mimi nimekua kwa maziwa ya mama yako. Labda yaliyobaki ndani yangu yatamtosha huyo mdogo akue.

Mate ninayo, nitamtemea Fiachra nikimpata. Maneno yale utaniwekea wewe.

Usinifuate.

Muirne


Gleann Dorcha, 7 Novemba

Dada,

Barua yako ya Derry imefika leo mchana. Postamasta alinipa huku akiniuliza habari zako, nikamwambia umesharudi Glasgow. Nimeisoma nimesimama njiani, mvua inanyesha, na sasa wino umechuruzika, ila nimeshaijua yote kwa moyo.

Nataka nikuambie jinsi ilivyokuwa, kwa upande wangu, maana hukungoja niseme.

Beleshi sikulificha. Nilijaribu. Nilipolichukua Nábla aliniuliza namtaka yupi, huyu au mwanangu, nikalirudisha. Nilimwonyesha Feidhlim ile karatasi ya dirishani. Mallaí alimwambia ni hila yao, wanaogopa chuma, na yeye akachagua kumwamini Mallaí kwa sababu kungoja kulikuwa kunamuua. Ulipofungua mlango usiku ule wa Samhain lilikuwa jekundu tayari na yeye ndiye aliyelishika, analia, na mimi nilikuwa nimekaa tu. Hilo unalijua, uliniona. Nilikuwa nimekaa.

Ulipolinyakua mkononi mwake kwa mikono mitupu nilisikia harufu, na nikadhani ni moto tu. Ulilitupa nje, likazama kwenye tope likifoka. Mallaí alitoka mbio nyuma ya beleshi, na mbwa wakabwekea kitu kidogo kilichokimbia chini chini kuelekea ukutani. Halafu mimi, badala ya kukushika mikono, nikakuambia, "Umekuja kuona kazi ya kijicho chako?"

Ukasema, "Niondolee hilo koleo kitandani, Sorcha."

Nikasema, "Ondoa mwenyewe. Huna mikono?"

Ukaliondoa mwenyewe. Ulimbeba yule mtoto na leso yake, akakulalia begani bila kulia, na mlango ukajifunga. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyokuambia. Huna mikono. Nimeyarudia tangu mchana na sijui nitayaweka wapi.

Asubuhi Fiachra alikuwa kizingitini, amevikwa shali yako kama gauni. Amekonda, ila ana hasira ya njaa, ya kawaida kabisa. Aliniita mama mara nyingi hadi Nábla akaomba anyamaze. Paji lake la uso lilikuwa bado na umajimaji. Niligusa, nikayasema maneno yako, yale uliyoniachia, wakati huo nikidhani ni wajibu tu. Jioni ile Feidhlim alilichimbua beleshi kwenye tope akaenda kulitupa ziwani.

Nimepekua kopo la chai. Barua za miaka tisa. Jina lile halimo hata kwenye moja. Na mimi kila barua niliyokuletea nilianza na jina lile, na sasa najiuliza zilikuwa zinakuuma namna gani ukizifungua. Hukuniambia niache. Ulizisoma zote ukanijibu.

Barua hii nitaiweka chini ya mti wa miiba wa kilimani, penye jiwe, pamoja na bakuli. Nitakuwa naleta maziwa kila jioni, yenye joto. Mengine ni ya yule mdogo. Akikohoa unajua alalie upande gani.

Kabla ya kuifunga nimeisoma kwa sauti hapa karibu na moto, dirisha likiwa wazi. Nimekusifu. Nimesema sijapata kuona mwanamke mwenye moyo kama wako, wala mikono kama yako. Nimesema ulikuwa binti wa mama kuliko mimi. Nimesema yule mtoto ana macho mazuri na kwamba nimemzoea. Nimesema hayo yote, nikakunja karatasi.

Nábla aliacha kusokota.

"Endelea," akasema.

"Imekwisha, mama."

"Baraka iko wapi?"

Nikamwambia hii haina. Nimeiacha wazi ili uweze kuisoma, na siku ukitaka kutoka, usikute uzio.

Mdogo wako,
Sorcha